Jibu: Damu ya pua kwa mtumiaji wa warfarini
Salaam ndugu. Umeuliza kama uache warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa pua imekutoka damu kidogo asubuhi tatu mfululizo. Usiiache wala kuipunguza bila daktari wako, kwani damu kuganda mishipani ni hatari kuliko leso yenye madoa. Kwanza pima INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, ambayo kwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, na ukumbuke kama umemeza aspirini, diklofenaki au metronidazoli, dawa zinazoongeza hatari ya kutoka damu ukitumia warfarini. Mimi ilinipata baada ya metronidazoli ya tumbo, INR ikapanda hadi 4.6. Ikitoka tena, keti wima, inama mbele, ubane sehemu laini ya pua dakika 15 bila kuachia kuchungulia (mimi hutazama saa ya ukutani). Isipokoma, nenda hospitali mara moja.