Saa Moja na Saa Moja: Nilivyojiandaa Kupokea Figo

Juzi nimetimiza mwaka mmoja na nusu tangu nipandikizwe figo, na siku hiyohiyo ukaingia ujumbe wa dada mmoja nisiyemfahamu: "Dada, nimeambiwa niko kwenye maandalizi ya kupandikizwa. Ndugu zangu wanaendelea na vipimo. Mimi sasa nafanya nini? Nikae tu nisubiri?"

Nilianza kumjibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Swali lake lilinirudisha mahali ambapo sikupenda kurudi. Basi nakujibu hapa, dada, na wengine mlioko kwenye safari hii msome.

Kukaa, nilikaa. Miezi minne ya mwanzo nilijiona kama mtu aliyekwisha kata tiketi, kilichobaki ni gari kufika. Nilikunywa maji nikisikia kiu. Nilikula nilichotamani, nikijiambia kwamba mashine ya kusafisha damu itayaondoa. Siku moja nikaitwa kuonana na daktari wa upasuaji. Hakufungua faili. Aliinama, akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, akaniachia nilitazame lile shimo lisilotaka kujaa. Kisha akasema, "Figo tutaiweka kwenye mwili huuhuu unaonionyesha leo." Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Leo namshukuru kuliko wote walionibembeleza.

Piga hesabu pamoja nami. Figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki. Mimi nilikuwa nakaa kwenye mashine mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Hizo ni saa 12. Saa 156 zilizobaki hakuna mashine wala muuguzi. Kuna mdomo wako tu.

Nikaanza na maji. Mkojo wangu ulikuwa umekaribia kukauka kabisa, kwa hiyo niliruhusiwa zaidi kidogo ya nusu lita kwa siku, na humohumo ihesabiwe chai, supu na maji ya kumezea dawa. (Kiwango chako atakupa daktari wako, maana kinategemea mkojo unaoutoa. Usichukue cha kwangu.) Kila asubuhi nilijaza maji chupa ya nusu lita na kuiweka mezani mbele ya macho yangu. Nikinywa chai, namimina nje ya chupa kiasi kilekile nilichokunywa. Nikimeza dawa, nakunywa kutoka mlemle. Kwa hiyo nilikuwa naiona siku yangu ikipungua kwa macho. Kinywa kikikauka nilisukutua na kutema. Halafu nikagundua kwamba adui yangu hakuwa maji, alikuwa chumvi. Chumvi ndiyo inayoita maji. Nilipoiondoa kwenye chakula, baada ya wiki mbili hivi kiu ikalegea yenyewe.

Kabla ya hapo nilikuwa naingia kwenye mashine nikiwa nimeongeza kilo 4 tangu mara ya mwisho. Kuondoa maji yote hayo kwa saa 4 ni mateso: presha inashuka, masikio yanavuma, misuli ya miguu inakaza mpaka unauma shuka. Baada ya chupa ile nilikuwa naongeza kilo moja na nusu, nikizidi sana mbili. Wauguzi walifika mahali wakawa wananipima wanaitana waje waone mizani. Najivunia hilo mpaka leo na sioni haya kulisema.

Chakula sitakisema kwa kirefu. Potasiamu ikizidi inasimamisha moyo, hilo tu likae kichwani. Viazi nilivimenya, nikavikata vidogo, nikavichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga maji yale. Mengine muulize mtaalamu wa lishe.

Mkono wenye fistula, yaani mishipa ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate pa kuchukulia damu, niliulinda kama mtoto mchanga. Kila nikiamka, kabla sijashuka kitandani, nauweka mkono sikioni nisikie ule mvumo, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Ukiusikia, damu inapita. Usipousikia, wahi hospitali siku hiyohiyo. Sikuulalia, sikubebea mzigo, sikukubali upimwe presha wala utolewe damu. Kuna kliniki moja nilikataa mara mbili mhudumu akiwa ameshika kile kitambaa cha kupimia presha, akaniona mjeuri. Aone hivyo hivyo. Mkono ule ndio uliokuwa unaniweka hai.

Sasa nije kwenye yale yanayouma.

Mtu wa kwanza kujitolea alikuwa mume wangu. Kundi la damu lilikubali, moyo wake mzima, figo zake mbili safi. Tukaanza kupanga nani atabaki na watoto. Kisha kikaja kipimo cha mwisho, kile cha kuchanganya majimaji ya damu yangu na chembe zake nyeupe. Damu yangu ikazishambulia chembe zake na kuziua. Daktari akatueleza kwamba mama akibeba mimba, mwili wake hukutana na sehemu za baba zilizomo ndani ya mtoto, na wakati mwingine huziundia kingamwili zinazokaa kwa miaka. Mimi nimezaa mara tatu. Juu ya hapo niliwahi kuongezewa damu chupa mbili nilipopungukiwa, na damu ya watu wengine nayo huamsha kingamwili. Mume wangu aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo watoto wetu ndio sababu?" Daktari akanyamaza. Nami nikanyamaza.

Kwa hiyo dada, ukiambiwa damu imepungua, muulize daktari kama sindano za kuongeza damu na dawa za madini ya chuma zinatosha kabla ya kutundikiwa chupa. Ikilazimu, tundikiwa, uhai kwanza. Lakini uliza. Mimi sikuuliza kwa sababu hakuna aliyeniambia kuna cha kuuliza.

Baada ya mume wangu nikaitisha kikao cha ukoo. Hapo ndipo nilipokosea. Nilikaa katikati yao nimevimba uso, nikaeleza hali yangu, nikamaliza kwa kumtazama kaka yangu mkubwa. Mbele ya wazee wote angesema nini? Alisema yuko tayari. Watu wakapiga makofi. Alipima damu, akapima mkojo, na siku ya kuingia kwenye picha ya figo hakutokea. Simu ikaita mpaka ikakata. Akaacha kupokea kabisa. Mpaka leo ninapoandika hatujakaa tukalizungumza. Nimeambiwa mke wake aliogopa, nimeambiwa yeye mwenyewe aliogopa. Ningempenda zaidi kama angeniambia "siwezi" kwa mdomo wake. Bado linauma.

Lakini nilichokuja kujua baadaye ni kwamba mtoaji ana haki ya kusema hapana mpaka dakika ya mwisho, na hadaiwi sababu. Ndiyo maana wanahojiwa peke yao, bila mgonjwa. Msimweke ndugu yenu mahali ambapo akikataa ataonekana muuaji! Mwambie mmoja mmoja, faragha, mweleze ugonjwa wako jinsi ulivyo, kisha nyamaza. Usimwombe. Ndugu aliyelazimishwa na makofi atakimbia, na atakukimbia wewe siku ambayo umeshamtegemea.

Mdogo wangu wa kike hakuwa kwenye kikao kile. Alikuja nyumbani jioni moja, akakuta nimelala, akawaogesha watoto, akapika, ndipo akakaa pembeni ya kitanda akasema, "Mimi wananipima wapi?" Watoto wa baba mmoja na mama mmoja hupata mmoja kati ya wanne kwa wastani anayefanana nawe kabisa katika vipimo vya tishu. Yeye alifanana nami nusu. Ilitosha. Kipimo cha kuchanganya damu kikatulia, hakuna kilichoshambuliwa.

Miezi iliyofuata sina cha kuisimulia: mashine, nyumbani, vipimo, mashine. Nilipimwa moyo, mapafu, shingo ya kizazi, matiti. Nikachomwa chanjo ya homa ya ini B, dozi ya mwisho mwezi wa sita baada ya ile ya kwanza, kwa hiyo anza mapema. Uliza na chanjo za surua na tetekuwanga, kwa sababu hizo zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na ukishaanza dawa za kushusha kinga huchanjwi tena.

Na meno. Nilikuwa na jino limetoboka nyuma, haliumi, nimelizoea. Daktari aliliona akasema tarehe ya upasuaji haitapangwa mpaka liondoke. Usaha mdogo unaolala kwenye fizi, kinga yako ikishushwa, unaamka na kusambaa. Likang'olewa, na la jirani yake likang'olewa. Hilo jino lilinicheleweshea safari kwa wiki tano, mdogo wangu akiwa ameshaomba likizo kazini. Naona uchungu hata sasa, maana ningeweza kulishughulikia katika ile miezi minne niliyokuwa "nasubiri".

Kitu cha mwisho nilijibunia mwenyewe. Niliambiwa kwamba baada ya upandikizaji kuna dawa za kumezwa kila baada ya saa 12, kwa muda wote figo itakapokuwa inafanya kazi. Nikachagua saa moja asubuhi na saa moja jioni. Nikaweka kengele kwenye simu, nikaanza mazoezi miezi mitatu kabla sijapewa hata kidonge kimoja. Kengele ikilia natia alama kwenye daftari, na daftari sharti liwe nami, niwe msibani, niwe kwenye mashine, niwe njiani. Wiki ya kwanza nilikosa mara tano. Mwezi wa tatu sikukosa hata mara moja. Wenye kudhani watakumbuka tu, wapime kwanza kwa daftari.

Figo ya mdogo wangu iko chini ya tumbo langu upande wa kulia. Zile zangu za zamani hazikuondolewa, zimelala nyuma palepale. Nilipozinduka muuguzi aliinua mfuko wa mkojo akauonyesha kwenye mwanga bila kusema neno. Ulikuwa umejaa, nao ulikuwa wa moto. Nilimwomba niushike.

Basi dada, ndugu zako waache wapimwe. Wewe wiki hii nenda kwa daktari wa meno, mwambie akague yote, hata yasiyouma. Halafu niandikie alichokuta.