Umefutwa Kitabuni, Hujasamehewa

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema benki ya huko Ohio imekuandikia kuwa deni lako la kadi limekuwa "charged off", na mwenzako kazini akakupongeza kwamba umesamehewa. Je, ni kweli?

Si kweli. Hilo ni neno la watu wa vitabu vya hesabu: deni limefutwa kitabuni tu. Nimetunza hesabu za SACCOS miaka 18, kalamu hiyo naijua. Mkopo ukiwa mzima unahesabiwa kwenye mali ya chama, maana ni fedha tunayodai. Ukishindikana, mkaguzi hakubali tujidanganye: tunauondoa kwenye mali, tunauingiza kwenye hasara. Nilikuwa napiga mstari mwekundu kwa rula, halafu jina la mkopaji nalihamishia daftari jingine, lenye jalada jeusi, linalofungiwa kabatini. Mwanachama mmoja alisikia mkopo wake wa pikipiki "umefutwa", akachinja mbuzi. Alipovuna mahindi, kamati ikamfuata hukohuko shambani, daftari jeusi kwapani.

Lawama nyingine ni ya Kiswahili chetu, tunasema "kufuta" kwa yote mawili. Mimi nilijizoesha kusema "kufuta kitabuni" na "kusamehe", nisije nikamponza mtu.

Huko Marekani benki hutakiwa kulifuta kitabuni deni la kadi likifikisha siku 180 bila kulipwa. Unadaiwa vilevile, na doa hilo hukaa kwenye taarifa zako za mikopo miaka 7. Huenda wakaliuza deni kwa kampuni ya wakusanya madeni. Hao wakikuandikia, una siku 30 za kulipinga kwa maandishi na kuwataka wathibitishe. Usimlipe mtu kwa simu kabla ya hapo. Benki ikikusamehe kweli, tena dola 600 au zaidi, itakuletea fomu 1099-C, na kwa kawaida serikali huhesabu msamaha huo kuwa kipato, ukatozwa kodi. Nilipomsomea mama yako hapo, alicheka hadi akamwaga chai.

Nipigie picha barua yote, na nyuma pia, kwenye yale maandishi madogo. Na mambo ya kunificha miezi sita, mwanangu, sikuyapenda.

Baba yako,
Tanga