Jibu: Nimenasa ndani ya Vim, jamaa wa Emacs wananicheka

Salaam mkuu. Nimekuelewa: uliandika git commit (amri ya Git ya kuhifadhi mabadiliko ya kodi), Vim, programu ya kuandikia maandishi, ikafunguka yenyewe, kila herufi unayobonyeza inaleta vurugu, na wenzako hapo Mwanga wanakwambia hamia Emacs, programu pinzani ya kazi hiyo hiyo.

Kwanza tazama chini kushoto. Ukiona INSERT, bonyeza Esc. Kisha andika :wq kuhifadhi na kutoka, au :q! kutoka bila kuhifadhi. Usione aibu, mimi siku ya kwanza nilizima kompyuta kwa kitufe.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, na huku Ujiji yamenikuta sana, andika vim -r na jina la faili. Kazi inarudi kutoka kwenye faili la .swp, nakala ya muda ambayo Vim huiweka yenyewe. Ukishahifadhi, lifute hilo la .swp, la sivyo utaulizwa kila ukifungua.

Hao wa Emacs wasikutishe. Emacs na vi, mama yake Vim, zote ni za 1976. Utani huu wa Vim na Emacs una umri mkubwa kuliko wao. Waulize nao wanatokaje: Ctrl+x, halafu Ctrl+c! Mimi niliijaribu wiki mbili, kidole kidogo kikauma, nikarudi.

Hutaki kesi na upande wowote? Andika git config --global core.editor nano, na Git itafungua nano, programu rahisi zaidi ya kuandikia.