Maswali Yenu: Nataka Kujua Dini ya Makalasinga, Naanzia Wapi?

Meseji za safari hii zimekuja nyingi kuhusu jambo moja, dini ya Usikhi, na nimefurahi kweli kwa sababu hawa watu tumeishi nao Uganda zaidi ya miaka mia moja, tumejengewa nao reli na nyumba na fanicha, lakini ukimuuliza mtu mtaani wanaamini nini atakuambia tu wanafunga kilemba. Nimechagua maswali manne. Moja nimelijibu kwa urefu maana ndio mzizi wa mengine.

Mimi ni fundi seremala hapa Ndeeba. Bosi aliyenifundisha kazi ni Kalasinga, mzee wa heshima, mshahara hajawahi kumdhulumu mtu. Nimekaa naye muda mrefu na hajanialika hata siku moja kwenda kusali kwao, wakati walokole wananialika kila wiki. Je sisi Waafrika haturuhusiwi? Nikienda mwenyewe watanifukuza? – Fundi wa Ndeeba

Ndugu yangu fundi, hakuna wa kukufukuza. Gurdwara, yaani nyumba yao ya ibada, inapokea mtu yeyote, wa kabila lolote, dini yoyote, hata asiye na dini, na ile ya Amritsar kule India inayojulikana sana ina milango pande zote nne ili ijulikane kwamba watu wa kila upande wanakaribishwa. Kwa nini bosi wako hakualiki? Kwa sababu kwao hawana desturi ya kuvuta watu. Hawaamini kwamba ukibaki kwenye dini yako umepotea, kwa hiyo hawana haraka na wewe, hawasimami teksi paki na spika, hawagongi mlango. Sisi tumezoea kualikwa alafu kualikwa tena, ndio maana tukikutana na mtu asiyetualika tunadhani ametukataa. Bosi wako ananyamaza kwa heshima. Wewe ndio unatakiwa umwambie, mzee, Jumapili naomba twende wote, na nina hakika atafurahi mpaka ushangae.

Alafu nikuambie kitu kinachokuhusu wewe fundi. Mwalimu wao wa kwanza, Guru Nanak, alizaliwa mwaka 1469 Talwandi, siku hizi panaitwa Nankana Sahib, Pakistani. Alitembea sana akifundisha, na inasimuliwa kwamba alipofika mji mmoja alikaa kwa seremala maskini anaitwa Lalo, akala mkate wake mkavu, wakati tajiri mkubwa wa hapo, Malik Bhago, ameandaa karamu na amemwalika. Nanak akakataa kwenda. Tajiri akakasirika akataka kujua sababu, basi Nanak akashika mkate wa Lalo mkono mmoja na wa tajiri mkono mwingine akakamua, wa seremala ukatoa maziwa na wa tajiri ukatoa damu, damu ya watu aliowanyonya. Hiyo hadithi kila mtoto wa Kisikhi anaijua. Na ndio unaona kwa nini bosi wako anaogopa kula jasho la mtu, kwao nguzo ziko tatu: kumkumbuka Mungu, kuishi kwa kazi ya halali ya mikono yako, na kugawana ulichopata. Kwa hiyo hapo karakana umeshaanza kujifunza bila kujua, mi naona hivyo na nasema kwa moyo wangu wote.

Sasa ukienda. Vua viatu mlangoni, nawa mikono, funika kichwa kwa kitambaa, mwanaume na mwanamke wote, kama huna utakuta vimewekwa hapo kwenye kikapu, kofia ya kapelo iache nyumbani. Usiingie na sigara mfukoni wala ukiwa umekunywa waragi, hilo hawana mchezo nalo. Ndani ya ukumbi mbele utaona kitabu kimewekwa juu chini ya pazia kama kiti cha mfalme, hicho ni Guru Granth Sahib, kurasa 1,430, na wao hawakihesabu kuwa kitabu tu, tangu 1708 ndiye Guru wao, hakuna mtu anayekuja baada yake. Watu wanafika mbele wanainama mpaka paji la uso liguse chini, wanaacha sadaka kidogo wakitaka. Wewe ukiinama ni heshima, ukisimama tu kimya sekunde chache alafu ukaenda kukaa hakuna atakayekusema. Kaa chini kwenye zulia kama wengine, miguu usiinyooshe kuelekea kitabu. Utasikia nyimbo, kinanda cha haminiamu na ngoma za tabla, hutaelewa maneno na usijali. Mwisho unapewa prashad, tamu ya unga wa ngano, samli na sukari, unapokea umekaa kwa mikono miwili, sema nipe kidogo kama tumbo lako halijazoea samli maana kuitupa ni kosa.

Alafu langar. Hapa ndio naomba usikimbie! Watu wengi wageni wanatoka baada ya ibada wakiona haya, wanadhani kile chakula ni cha wenyewe. Langar ni jiko la bure na ndio nusu ya dini yenyewe. Mnakaa chini mstari mmoja, mwenye kiwanda na mfagiaji, mnakula dengu, mboga, chapati, wali, hakuna nyama kabisa ili kila mtu wa kila imani aweze kula. Wanasimulia kwamba hata Akbar, mfalme wa India wakati ule, alipokwenda kumwona Guru wa tatu, Amar Das, alikaa chini kwenye mstari akala kwanza na raia ndio akaonana naye. Mkienda Mombasa kwa barabara pitieni Makindu kule Kenya, kuna gurdwara kubwa hapo tangu enzi za reli, msafiri anakula na hata kulala, hakuna anayemuuliza dini yake.

Kujiunga kabisa ni habari nyingine, nitaieleza chini kwa mama wa Mukono, lakini wewe usianze na hilo.

Asalaam aleikum. Mimi Muislamu wa Arua. Nimesikia dini ya Kalasinga ni mchanganyiko wa Uislamu na Uhindu, ni kweli? Na rafiki yangu akinialika kula kwao ni halali? – Msomaji wa Arua

Waaleikum salaam ndugu yangu. Si mchanganyiko, na wenyewe wanaumia wakisikia hivyo. Ni dini yenye mwanzo wake, waalimu wake kumi na kitabu chake. Ila ni kweli kwamba kitabu chao, ambacho Guru wa tano Arjan alikikusanya mwaka 1604, kina ndani yake mashairi ya watu ambao hawakuwa Wasikhi, yumo Sheikh Farid ambaye alikuwa Sufi Muislamu, yumo Kabir mfumaji nguo. Fikiria hilo, mtu anakusanya kitabu kitakatifu cha jamaa zake alafu anampa nafasi Muislamu ndani na watu wanakiinamia mpaka leo. Mimi hilo linanigusa sana.

Kitabu kinaanza na maneno ambayo ndio msingi wote na mgeni akitaka kuanza kusoma aanze hapo: Mungu ni mmoja, jina lake ni kweli, ndiye muumba, hana hofu, hana uadui na yeyote, wakati haumgusi, hazaliwi, yupo kwa nafsi yake, anajulikana kwa neema ya Guru. Sehemu nyingi utaitikia, sehemu zingine mtaachana, kwa mfano wao wanaamini roho inazaliwa tena na tena.

Chakula cha langar hakina nyama wala pombe, wewe tu na dhamira yako na sheikh wako. Jambo moja ulijue mapema lisikushtue: Msikhi aliyeweka nadhiri haruhusiwi kula nyama iliyochinjwa kwa desturi ya dini, pamoja na ile ya halali, kwa hiyo ukimwalika kwako siku ya Idi mpikie maharagwe au matoke na wala usione amekudharau.

Kijana wangu yuko sekondari, amesoma kwenye simu mambo ya Sikh sasa anasema anataka kufuga nywele, avae bangili na kisu na abadili jina aitwe Singh. Shuleni wananyoa wote. Nifanyeje? – Mama wa Mukono

Mama, pole na hongera, maana kijana anayetafuta Mungu kwenye simu badala ya kubeti amekupa zawadi hata kama imekuchanganya.

Anachokiona ni alama tano. Nywele zisizokatwa, kitana cha mbao, bangili ya chuma, kaptula ya ndani ya pamba, na upanga mfupi unaoitwa kirpan. Hizo zilitoka kwa Guru wa kumi, Gobind Singh, mwaka 1699 kule Anandpur, siku ya Vaisakhi, sikukuu yao ya mavuno, aliposimama mbele ya umati na upanga mkononi akauliza nani yuko tayari kutoa kichwa chake. Walisimama watu watano mmoja baada ya mwingine. Na angalia walikuwa nani: mmoja wa ukoo wa wafanyabiashara, mmoja mkulima, mmoja mchota maji, mmoja wa kazi ya nguo, mmoja kinyozi, kila mmoja wa sehemu yake India, watu ambao kwa desturi ya wakati ule hata sahani moja wasingekula. Akawanywesha wote maji ya sukari yaliyokorogwa kwa upanga kwenye bakuli moja la chuma, alafu yeye mwenyewe Guru akapiga magoti akaomba wamnyweshe na yeye. Hapo wanaume wakawa Singh na wanawake Kaur.

Hiyo ibada inaitwa amrit na mpaka leo wanaiongoza watu watano walioweka nadhiri hiyo, na katika hao wanawake wanaweza kuwemo. Ukishakunywa umejifunga maisha: nywele hukati, tumbaku hugusi, hutoki nje ya ndoa, ile nyama niliyosema huli, unaamka alfajiri kusali na jioni na kabla ya kulala, na dini nyingine unaiacha maana huwezi kuwa Msikhi na kitu kingine pamoja. Mwongozo wao wenyewe unasema anayepokea amrit asiwe mtoto mdogo, awe na akili ya kupambanua. Kwa hiyo mama usigombane naye, mwambie tu dini yenyewe inataka asubiri. Kirpan hasa asithubutu kuibeba shule, hiyo ni ya mtu aliyeweka nadhiri na anayejua inabeba jukumu gani, la kulinda aliyeonewa. Bangili ya chuma hata mgeni anavaa, kama shule inaruhusu. Nywele zisubiri amalize masomo, Wasikhi wengi tu wanaishi miaka kwenye imani kabla ya amrit na wanahesabika kwenye jamii.

Mpeleke gurdwara wewe mwenyewe Jumapili moja. Nasema kweli, nenda naye ukaone. Akiosha vyombo vya watu mia mbili akarudi bado anataka, basi hapo mnaongea.

Nimeenda gurdwara mara kadhaa, nimekaa, nimekula, watu wananitabasamu lakini hakuna anayeongea na mimi, wote Kipunjabi. Nimekata tamaa. Na mbona zina majina tofauti tofauti? – Dada wa Jinja

Dada yangu usikate tamaa, na malalamiko yako ni ya haki, siwezi kukuficha. Imani inasema wote sawa lakini jamii ni jamii, na hii imejifunga kidogo. Ramgarhia unayoiona kwenye vibao ni jina la watu wa ufundi, maseremala, wahunzi, waashi, na Afrika Mashariki wako wengi kwa sababu waliohitajika kwenye reli kuanzia 1896 walikuwa mafundi. Waguru walikataa kabisa mambo ya tabaka, Guru Nanak aliyasema wazi, na bado watu wakajenga kila kundi na lake. Hilo mimi naona ni upungufu na Wasikhi wenyewe wengi wanalisema hivyo. Ila mlango wowote ukiingia Guru ni huyohuyo na langar ni ileile.

Jambo lingine ni historia yetu. Agosti 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, familia zilizozaliwa hapa zikaacha nyumba, karakana na gurdwara zao, na wachache ndio waliorudi baadaye, hasa miaka ya 90. Mzee anayekutabasamu bila kukusemesha inawezekana alipanda ndege akiwa kijana na sanduku moja. Sisemi uwahurumie kila saa, nasema usisome ukimya wao kuwa ni chuki.

Sasa cha kufanya. Uliza granthi, yule anayesoma kitabu, akuonyeshe tafsiri ya wimbo wa siku hiyo kwa Kiingereza, nyingi zinaonyeshwa ukutani kwenye skrini, na mtandaoni kitabu chote kimetafsiriwa. Herufi zao za Gurmukhi za msingi ni 35, ukitulia unazijua, na ukishaanza kusoma hata kwa kukwama, watu watakufuata wenyewe kukusaidia. Salamu yao Sat Sri Akal, anza wewe kuisema kwa sauti.

Lakini njia ya mkato ni jikoni. Usikae ukumbini unangoja kusemeshwa. Fika asubuhi na mapema kabla ya ibada, nenda moja kwa moja kwa akina mama wanaosukuma chapati, waambie unataka kufanya seva, yaani kazi ya kujitolea, vua saa, nawa mikono, kaa. Nani Mganda asiyejua kusukuma chapati? Hapo Kiluganda kitatoka, Kiswahili kitatoka, wataanza kukuuliza umeolewa, watoto wangapi, mama yako yuko wapi. Na usiende mara moja, nenda mwezi mzima, kila Jumapili, alafu uniandikie.