“Drake Lake” na “Drake Shake” ni nini?

Ndugu yangu, hongera kwa kazi ya jikoni kwenye meli ya Antaktika. Hao mabaharia wanaokuuliza “Lake au Shake?” wanazungumzia Mlango wa Drake, kama kilomita 800 za maji kati ya Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, na visiwa vya South Shetland karibu na Antaktika. Bahari ikilala, wanaiita ziwa; ikichafuka, ni mtikisiko. Kutoka Ushuaia, bandari ya kusini mwa Argentina, mtavuka kwa siku mbili hivi, na hakuna wa kukuahidi utapata ipi.

Ukisikia “arobaini zinazonguruma, hamsini zenye ghadhabu, sitini zinazopiga mayowe”, hizo ni nyuzi za latitudo ya kusini. Kule chini upepo huzunguka dunia bila nchi kavu kubwa ya kuuzuia, basi mawimbi hukua tu.

Dawa ya kigegezi meza mkiwa bado kwenye mfereji wa Beagle, njia ya kutokea Ushuaia, maji yakiwa yametulia. Ukingoja mpaka uanze kutapika umechelewa, itatoka na chai. Omba kitanda cha katikati ya meli, chini, mbali na omo, yaani sehemu ya mbele ya meli. Na sufuria usijaze hata nusu!

Mkifika kwenye barafu utasikia pia “barafu ya mafuta”: uso wa bahari unakuwa mzito, kama mchuzi wa nyama uliopoa. Ikigandamana zaidi na mawimbi yakiigonganisha, inakuwa “chapati”, visahani vya duara vyenye kingo zilizoinuka. Jina hilo wewe mpishi hutalisahau.