Sonara anataka kupanua matundu ya shanga za kale

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kidani cha shanga za akiki nyekundu za Misri ya kale, zilizotungwa upya pamoja na vipande vya dhahabu vya siku hizi. Uzi hukatika kila baada ya miezi michache. Sonara anataka kupanua matundu kwa keekee apitishe waya wa dhahabu, kisha azisafishe kwa mashine ya mtetemo. Anasema akiki ni jiwe gumu, halidhuriki. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Usikubali, na kama kidani kiko kwake, kakichukue leo.

Hili la "jiwe gumu" nimechoka nalo. Ugumu wa akiki, karibu 7 katika kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, maana yake haikwaruziki ovyo. Kupasuka ni habari nyingine. Kioo nacho ni kigumu. Watoboaji wa Misri walitumia keekee ya upinde na unga wa kusagia, wakianza kila upande hadi matundu yakutane katikati, mara nyingi yakiwa yamepishana. Katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Misri ya kale, huko Thebes, wamechorwa wakizungusha keekee kadhaa kwa upinde mmoja. Tundu la namna hiyo ni pana mdomoni, jembamba katikati, na kingo zake zina nyufa ndogo. Keekee ya almasi ikigonga pale yalipopishana, ushanga unagawanyika. Mashine ya mtetemo nayo hufungua nyufa hizohizo. Na hata ukinusurika, alama za mtoboaji zimefutika, nazo ndizo ushahidi wa umri. Jiwe lenyewe halisemi lilichongwa lini.

Waya nao hautadumu: dhahabu ni laini, akiki itaula.

Tumia uzi wa hariri au poliesta unaopita bila kulazimishwa kwenye tundu jembamba kuliko yote. Piga fundo kati ya shanga na shanga, zisisagane. Ukikivaa mara kwa mara, tunga upya kila mwaka. Kifungo kilehemiwe kabla shanga hazijaingia uzini: moto hupasua akiki na kupausha amethisto, jiwe la zambarau. Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu.

Wanaokushauri kusafisha shanga kwa ndimu na siki ndio hatari zaidi. Asidi hula mawe ya kibluu kama feruzi na lapis lazuli. Tena shanga nyingi za kibluu zinazouzwa kama feruzi si jiwe kabisa, ni fayansi: unga wa kwatzi uliochomwa, wenye ngozi ya kung'aa iliyotiwa ubluu kwa shaba. Ukiiloweka, chumvi iliyomo husogea na ngozi hubanduka.

Muuzaji akikuonyesha udongo tunduni kama ushahidi wa ukale, kumbuka udongo hugandishwa kwa gundi. Mdai karatasi zinazoonyesha shanga zilitoka Misri lini, maana Sheria Na. 117 ya 1983 ya huko ilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale.