Filta ya oili: maneno kwa dogo anayeanza gereji

Dogo, kazi ya kwanza utakayoachiwa peke yako gereji ni kumwaga oili. Na mimi nilianzia hapo, na hapo hapo ndipo nilipoaibika. Nilikuwa na mwezi wa pili tu. Nikabadilisha filta ya pikipiki, Boxer 150, nikafunga, nikapokea hela, mteja akaondoka. Robo saa haikuisha, akarudi anaisukuma, suruali mguu wa kulia imelowa oili mpaka kwenye kiatu. Nilikuwa nimeweka oringi mpya, ule mpira wa duara unaoziba kifuniko cha filta, juu ya ile ya zamani. Ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania kwenye mfereji wa kifuniko, nyeusi tii kama uchafu wenyewe, sikuiona. Oringi mbili hazikai kwenye mfereji wa moja. Ukikaza kifuniko utadhani kimekaa, ila injini ikipata moto na pampu ikaanza kusukuma, oili inatafuta njia. Bahati yake haikuwa imefika tairi la nyuma, maana pale angelala kwenye kona ya kwanza.

Kwa hiyo kifuniko kikitoka, pitisha ukucha kwenye mfereji kuzunguka wote kabla ya kufungua pakiti ya filta mpya. Ukucha unaona kuliko jicho.

Kabla ya hapo lakini, jua unashika injini gani. Pikipiki nyingi za Kichina zinazopakia watu na mkaa huku kwetu zimetokana na injini ya Honda CG125, ya miaka ya 1970. Hiyo haina filta ya karatasi kabisa. Ina chujio la waya chini, na ina kikombe kinachozunguka na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, upande wa klachi, kinarusha uchafu pembeni ukagande humo kama lami. Chujio la waya unalitoa na kuliosha. Nyingi zina kofia kubwa chini ya injini, ukiifungua springi inaruka, kwa hiyo weka kiganja, nimeshapekua mchanga nusu saa nikitafuta springi. Kile kikombe unakisafisha siku unayofungua klachi, na gasketi mpya juu. Ninayasema haya kwa sababu kuna mafundi wanamtoza mteja wa pikipiki ya namna hiyo hela ya "filta ya oili". Filta ipi? Usijifunze hayo.

Zenye filta ya karatasi, kama hiyo Boxer 150 au Suzuki GN125, huwa na kifuniko kidogo cha duara ubavuni chenye boliti au nati tatu. Pasha injini dakika tatu au nne kwanza. Oili ya moto inatoka na uchafu wake, ya baridi inauacha umelala chini. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, karai chini, fungua boliti ya chini, kisha legeza na kofia ya juu ili hewa iingie. Hapo mteja ataanza: "Fundi, fanya chap, kuna abiria ananisubiri." Mjibu kwa adabu, halafu acha oili ichuruzike mpaka iwe tone moja moja.

Wakati inachuruzika usishike simu. Angalia kwenye karai. Nyeusi ni kawaida. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, muulize kama alivuka mto. Ikinuka petroli, kabureta inavuja na petroli inashuka kwenye injini, ukimwekea oili mpya bila kumwambia umemtupia hela yake. Chovya vidole viwili, visugue juani. Vumbi la kung'aa kidogo kwenye pikipiki mpya lisikutie hofu, vyuma vinazoeana. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari nyingine, hapo ita fundi mkubwa kabla hujafunga chochote.

Sasa filta. Kabla hujaichomoa, tazama upande wenye tundu umeelekea wapi. Kwenye GN125 upande mmoja una tundu na mwingine umezibwa, na tundu linaingia ndani kuelekea injini. Ukigeuza, oili haipiti inavyotakiwa, na injini itanoki huku oili iko kamili kabisa. Piga picha kwa simu kama huamini kichwa chako. Na filta ya karatasi haioshwi. Najua utamwona mtu anaipuliza kwa kompresa au kuizamisha kwenye petroli kisha anairudisha. Karatasi ikishachanika huko ndani, uchafu wote unapita moja kwa moja kwenye injini.

Boliti ya chini ndiyo inayowaliza wanafunzi. Boliti ni chuma, tumbo la injini ni aluminiamu. Ianze kwa vidole, mizunguko mitatu au minne, ikigoma irudishe nyuma uanze upya, usiisukumie spana. Kisha kaza kwa spana fupi, nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono. Ukitumia bega, meno ya aluminiamu yanatoka yote yamejiviringa kwenye boliti kama springi ya kalamu, na safari ya kwa mtu wa kukereza vyuma inaanza, kwa hela yako. Zile tatu za kifuniko cha filta ni nyembamba zaidi, kaza kwa zamu, kidogo kidogo.

Kuhusu oili yenyewe: kwenye pikipiki hizi oili moja inalainisha pistoni, gia na klachi. Ndiyo maana oili ya gari siyo yake. Nyingi zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano, itaanza kuteleza mlimani. Tafuta kwenye kopo herufi JASO MA au MA2, alama ya oili ya pikipiki. Uzito, kwa joto letu, nyingi hutumia 20W-50. Na makopo matupu tunayatoboa na bisibisi mbele ya mteja, yasije yakajazwa oili iliyochujwa kwa kitambaa na kurudi dukani.

Usimimine yote kwa mara moja. Anza na pungufu kidogo, piga kiki mara kumi swichi ikiwa imezimwa ili oili ipande, kisha washa dakika mbili bila kupiga resi. Zima, subiri kidogo, pima. Itakuwa imeshuka, kwa sababu filta mpya imekunywa yake. Ongeza. Kwenye CG kijiti cha kupimia oili kinachomekwa bila kukizungusha, ukikizungusha unajidanganya. Kuzidisha nako si wema: injini inakosa pumzi, sili zinavuja.

Bodaboda anayepiga kilomita 120 kwa siku anazimaliza kilomita 2,000 za kubadilisha oili kwa siku 17 hivi. Nusu ya wanaokuja kwetu mita zimekufa, hivyo namba ya kilomita haina kazi. Chukua maka peni, inua siti, andika tarehe kwenye plastiki pale chini. Akirudi wiki ya sita anakwambia "niliweka juzi tu fundi," inua siti mtazame wote wawili.